Baiskeli ya Gia Niliyonunua Mikinduri

Wewe unayesoma hii, sijui unaamini nini, na sikuombi uamini. Mimi nimekaa na hii habari tangu mwaka jana. Nimeigeuza huku na huku na bado sijui inaanzia wapi. Lakini ilitokea. Ilinitokea mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka, na sikuwa nimeonja kitu isipokuwa chai. Kama ningekuwa mwongo ningetunga kitu kizuri kuliko hii, kitu chenye kichwa na mkia. Hii hata mimi mwenyewe inanichanganya nikiisimulia.

Nianze na goti, kwa sababu bila goti nisingetafuta baiskeli.

Kwangu ni nje ya Kiritiri, huko chini kwenye joto. Ukitoka sokoni unashuka mpaka kwa mto wa mchanga, ule ambao una maji wiki mbili na mchanga mwaka wote, halafu unapanda mlima hadi mlangoni kwangu. Si mlima wa kusimulia watu, lakini goti langu la kushoto linaujua jiwe kwa jiwe. Nina mbuzi huko, nina mizinga ya nyuki, na kando ya boma kuna kaburi la mke wangu. Mtoto aliye karibu ni mmoja, Muthoni. Anafanya kazi ya ofisi Meru mjini na anakaa Kinoru, nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu. Ana roho nzuri, lakini akishaamua ameamua. Hiyo alitoa kwa mama yake.

Siku moja nilianguka kwenye ule mchanga. Sikuumia. Goti tu lilikataa kuniinua, basi nikakaa pale chini tangu asubuhi mpaka jirani yangu Nyaga akapita na punda wake wa maji. Nyaga ana mdomo. Kabla sijafika nyumbani, Muthoni alikuwa amepiga simu.

"Baba, mbuzi tunauza. Unakuja kukaa na mimi."

Nimewahi kukaa Kinoru siku tatu. Unaamka, unaangalia ukuta wa jirani. Mtu wa juu akienda chooni unamsikia akipita kwenye bomba kando ya kichwa chako. Watu ni wazuri, sisemi vibaya, lakini mimi pale ningekufa kabla ya goti.

Bahati ilikuwa kwa yule dada wa hospitali anayenyosha watu viungo. Alilikunja goti langu, akalikunjua, akasema, "Mzee, kutembea mlima ndiko kunaimaliza hii goti. Wewe tafuta baiskeli. Lakini ya gia, si zile zenu za zamani." Muthoni alikuwa ameketi pale akisikia. Tukapatana hapo hapo. Nitafute baiskeli ya gia, nizoee, na kabla ya mvua ya Oktoba atakuja anione nikipanda kutoka mtoni mpaka mlangoni. Nikifika, naachwa kwangu nizeeke kwa amani. Nikishindwa, mbuzi wanauzwa na mimi nahama.

"Bila kushuka, baba," akasema. "Hata mara moja."

Sasa ujue, baiskeli mimi nazijua. Lakini nilizijua zile za blakimamba, chuma tupu, gia moja, na hiyo gia ni miguu yako. Nimebeba mkaa nayo mpaka Embu mjini nikiwa kijana. Nimembeba mke wangu nayo akiwa na mimba ya huyu Muthoni, akinitukana njia nzima kwa kila shimo, halafu tulipofika akaniambia asante. Hizi za gia zilikuwa mpya kwangu. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na gia hawakufundisha.

Nikaenda duka moja Meru mjini. Yule msichana wa duka akaniletea baiskeli nyekundu inang'aa, gia ishirini na moja, springi mbele, springi nyuma. Nikakalia, ikabonyea kama kitanda. Nikainua, nikaweka chini.

"Mbona nzito kama beberu?"

"Hiyo ni uimara, mzee."

Ukutani kulikuwa na nyingine, nyembamba, nyepesi, unaiinua kwa mkono mmoja. Hiyo ilitaka zizi langu lote, na mimi nilikuwa nimeuza mbuzi watatu tu na asali kidogo. Nilitoka pale kichwa kikizunguka. Yule askari wa mlango wa nyumba za akina Muthoni ndiye aliniambia niende Mikinduri siku ya soko. Ati watu wa miraa hununua vitu wakiwa na pesa na kuviuza wakiwa hawana. Nikaenda.

Mikinduri mvua ilikuwa imenyesha. Ule udongo wao ni mwekundu na unashika viatu kama mtoto anayekataa kuachwa. Baiskeli zilikuwako nyingi zimeegemezwa kwenye ua, lakini nyingi ni maiti zilizopakwa rangi. Nimekuja kuelewa baadaye. Siku hiyo ziliniona mjinga, na nilikuwa mjinga kweli.

Mbele kidogo, ukipita kinu cha posho, kulikuwa na mzee amesimama peke yake na baiskeli moja. Koti refu la kijivu, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Watu walikuwa wanapita karibu naye bila kumwangalia. Nikafikiri bei yake ni mbaya ndiyo maana. Ungefikiri nini wewe?

Baiskeli yenyewe ilikuwa nyeusi, imechubuka, haina springi ya nyuma. Nikamuuliza kwa nini.

"Springi ya bei ndogo ni mzigo tu," akasema. "Ukikanyaga, nguvu yako inaingia kwa springi badala ya gurudumu. Wewe unapanda mlima ama unalala?"

Nikamwambia napanda. Sikumwambia mlima gani.

Huyo mtu alinifundisha kununua baiskeli kama vile baba yangu alinifundisha kununua ng'ombe. "Simama juu yake. Usikalie, simama." Nikasimama, mguu huku na mguu huku, akaangalia nafasi kati yangu na chuma cha juu. "Vidole vitatu. Hiyo ni kimo chako. Ikikugusa, hiyo ni ya mtu mwingine." Akaniambia niinue nyuma nizungushe gurudumu, niangalie kama linayumba. Nishike breki ya mbele niisukume, nisikie kama shingo ya usukani inacheza. Niivute cheni pale mbele, ikiachana na meno ujue imekwisha. Akanionyesha meno madogo ya mbele, lile duara dogo la cheni pale penye pedali. "Gia nyingi si kitu. Tafuta hii moja ndogo. Hii ndiyo itakufikisha kwako." Yeye mwenyewe mpaka hapo hakuwa ameigusa hata mara moja. Hiyo nimekumbuka baadaye. Alikuwa anaonyesha kwa kidevu.

Halafu akasema, "Panda, nikusukume kidogo uisikie."

Nikapanda. Nikasikia mkono nyuma ya kiti, na ile baiskeli ikateleza kwenye tope la Mikinduri kama kisu kwenye siagi. Nilicheka peke yangu, mzee mzima. Nilikuwa nimeshanunua hata kabla hatujaongea bei. Na bei alikubali ile ya kwanza niliyosema, hakuongeza neno. Pesa hakupokea kwa mkono. Aligeuka upande, akaniambia nimwekee mfukoni. Nikaingiza mkono kwenye lile koti, na ndani palikuwa baridi kama ndani ya mtungi. Jua lilikuwa linatupiga wote wawili. Nikaona hiyo, nikaipita. Mtu akipenda kitu anapita mengi.

Sasa ndio nifike kwenye kosa langu.

Hapo nyuma kulikuwa na keria, kile chuma cha kubebea mzigo, na kwenye keria kulikuwa kumezungushiwa blada, ule mpira wa kufungia mzigo unaokatwa kutoka kwa tyubu kuukuu. Nilipoanza kuondoka akasema, "Hiyo blada inabaki."

Kwetu Mbeere, na hata kwao Meru, mtu akiuza ng'ombe anabaki na kamba. Unaondoka na ng'ombe, kamba yake inarudi kwa zizi, ili wengine wasimfuate. Hiyo hata mtoto anajua. Lakini hii ilikuwa baiskeli, na mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kufunga mtungi wa maji.

"Mzee mwenzangu," nikamwambia nikicheka, "hii ni chuma, si ng'ombe. Nitafunga mzigo na nini?"

Hakucheka. "Sikukatazi. Lakini ukienda nayo, sijakuachia yote."

"Mpira tu huu."

"Basi itabidi niisindikize," akasema.

Nikafikiri anamaanisha mpaka barabarani, kama vile mtu anasindikiza mgeni. Nikamwambia asihangaike. Nikabeba blada na baiskeli, nikapata kanta, lori dogo lililobeba ndizi likienda Embu, na jioni hiyo nilikuwa kwangu. Nilipoangalia nyuma pale Mikinduri, hakuwa amesimama kwa kinu tena. Soko limejaa watu, nikaona ameingia mahali.

Kesho yake nikajaribu mlima. Amini usiamini, nilipanda kama mtu wa miaka ishirini. Niliweka ile gia ndogo, nikakanyaga, na goti halikusema kitu. Nikafika mlangoni nikipumua kama mtu aliyetoka kitandani. Nikageuka nikaushukuru ule mlima, nikamshukuru Mungu, nikaishukuru hata ile hospitali. Wiki nzima nilishuka na kupanda bila hata haja. Nilikuwa nakwenda sokoni kununua chumvi nikiwa na chumvi nyumbani.

Siku ya nane, hivi, nilikuwa nafuta vumbi. Nyuma ya kiti kulikuwa na alama ya mkono. Vidole vinne na kiganja, udongo mwekundu, mbichi, wa kushika. Mvua kwetu ilikuwa haijaonekana tangu Mei. Na udongo wetu si mwekundu, ni mchanga mweupe mweupe, muulize mtu yeyote wa Kiritiri. Nikafuta, nikasema labda ni ule wa Mikinduri uliobaki. Kesho yake baada ya kupanda, alama iko pale tena, inachuruzika.

Nikaanza kupanda nikiangalia nyuma. Sikuona mtu. Ukiwa juu ya baiskeli mlimani ukiangalia nyuma unaanguka, kwa hivyo siwezi kusema niliangalia vizuri.

Ndipo Nyaga akanikuta kwenye mto, yeye na punda wake, akaniambia, "Siku hizi umepata mtu wa kukusukuma. Wewe mzee ni mjanja."

"Mtu gani?"

"Huyo wa koti. Nimewaona jana, juzi, na siku ile ya soko. Na hili joto anavaa koti, ni wa wapi huyo? Mwambie ajifungue vifungo atakufa."

Nikamwambia Nyaga sijaandamana na mtu. Akanitazama, akacheka, akanigonga bega. Alifikiri ninaficha. Alipoondoka nilikaa kwenye ule mchanga tena, na safari hii si kwa sababu ya goti.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilifungua ile blada, nikaikunja mfukoni, nikarudi Mikinduri.

Kwa kinu cha posho nikauliza mzee wa koti la kijivu anayeuza baiskeli. Yule mama wa kinu aliacha kumwaga mahindi. Akanielekeza kwa nyumba moja baada ya kanisa. Nikakuta mjane anachambua maharagwe. Nikajieleza, nikaanza mwisho nikarudi mwanzo, nikachanganyikiwa, lakini alinisikiliza mpaka nikanyamaza.

Alisema mume wake alikuwa fundi wa baiskeli. Alimzika mwaka wa juzi, na lile koti. Baiskeli yake ilikuwa imekaa stoo, na siku moja ya soko hakuiona. Mlango haukuvunjwa, kufuli iko mahali pake. Akafikiri ni mashemeji wameichukua.

"Nitarudisha baiskeli, mama," nikasema. "Nitaileta na gari."

"Ameuza mwenyewe. Mimi ni nani nirudishe?"

"Basi shika hii blada yake."

Akaweka mikono nyuma. "Kamba inarudi kwa mkono uliouza. Huo mkono nimeuosha mimi, nikaufunika mimi."

"Nimwekee kwa kaburi?"

"Kaburi si mkono. Na watoto wangu wanapita pale, usiwaletee." Akarudi kwa maharagwe yake. Halafu akauliza, bila kuniangalia, "Anakusumbua?"

"Hapana. Ananisukuma."

Akatikisa kichwa, na kama sikuona vibaya alitabasamu. "Alikuwa hivyo. Akianza kumsaidia mtu, chakula kinapoa na yeye hajarudi."

Nikarudi Kiritiri na blada mfukoni, sijui kama nimefukuzwa au nimebarikiwa. Mchungaji wetu niliogopa kumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba nina pepo na ni mpole?

Muthoni akapiga simu kwamba anakuja Jumamosi. Ijumaa nikasema nijipime kama mwanamume. Niliacha blada nyumbani juu ya meza, nikashuka na baiskeli peke yake. Sikiliza. Ile ile baiskeli, ile ile gia ndogo. Sikufika hata nusu. Goti lilipiga kelele, pumzi ikaisha, nikashuka nikasimama nimeegemea usukani kama mlevi. Nikaisukuma mpaka nyumbani nikilia, na sioni aibu kuandika hivyo. Nikapita kando ya kaburi la mama Muthoni bila kumsalimu. Nilijua sasa. Baiskeli ilikuwa nzuri, mzee alinichagulia vizuri kabisa, lakini miguu yangu ilikuwa imekwisha, na zile wiki zote hazikuwa zangu.

Jumamosi Muthoni akasimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni, kama mama yake. Mimi nikashuka mtoni. Blada ilikuwa mfukoni. Niliishika pale kwenye mchanga muda mrefu. Mbuzi walikuwa wanalia huko juu. Nikasema, mzee mwenzangu, kama uko, nisamehe, na kama hauko, nisamehe pia. Nikaizungusha kwenye keria.

Nikapanda. Mkono ukaja nyuma ya kiti, taratibu, vile ulivyokuja Mikinduri. Sikuangalia nyuma. Niliangalia yule mtoto wangu akikua, akikua, mpaka nikaona macho yake. Nikafika mlangoni bila kushuka.

"Umefika, baba," akasema, na sauti yake haikuwa sawa. Halafu akaangalia juu ya bega langu, akavuta kitambaa chake kichwani vizuri. "Habari yako, mzee. Asante sana. Karibu ndani, tunakunywa chai."

Akaingia jikoni. Nilimsikia akitoa vikombe. Vitatu.

Niliketi. Akatoka na sinia, akaniinamia sikioni, akanong'ona, "Mbona hukuniambia una mtu? Si goti, baba. Goti ni goti. Ilikuwa kwamba uko peke yako. Ile siku ulikaa mchangani, hakuna mtu alijua. Sasa naweza kulala."

Huo ulikuwa ndio wakati wa kusema. Mdomo wangu ulikuwa umefunguka. Nikaona mbuzi wangu kwenye zizi, nikaona mizinga, nikafunga mdomo, nikaweka sukari. Kikombe cha tatu sikukiangalia. Muthoni alipokusanya vikombe nikatoka nje kuangalia mbuzi.

Alienda Kinoru jioni hiyo na hajataja kuuza mbuzi tena. Akipiga simu ananiambia nimsalimie mzee. Namwambia amesikia. Ni uongo? Mimi sijui. Nimefikiria mpaka nikachoka.

Niko kwangu, na hiyo ndiyo nilitaka. Nyuma ya kiti nafuta kila jioni, na kila jioni kitambaa kinatoka chekundu. Kuna siku nasimama njiani nasema, pumzika, mzee, nenda kwa mke wako. Sijui kama amechoka. Sijui kama anapenda. Mtu aliyekufa anasukuma mtu aliye hai aende kununua chumvi, hiyo ni haki?

Kwa hivyo wewe unayetafuta baiskeli yako ya kwanza ya gia na pesa yako ni ya mbuzi watatu, fuata yale aliyonifundisha, ni ya kweli. Acha springi ya nyuma. Simama juu yake, pima vidole vitatu, zungusha gurudumu, vuta cheni, tafuta meno madogo. Lakini ukichukua cha mtu ambacho hakukuuzia, kirudishe siku hiyo hiyo, kabla hakijaanza kukusaidia. Kikishaanza utakuwa kama mimi. Kila asubuhi natoka nje, nashika ile blada, nasema leo naifungua naichoma moto. Halafu nautazama ule mlima.